Nilimzika Mama kwa Kiingereza cha Puani

Nyie mlioniandikia kwa hasira baada ya Jumamosi iliyopita, barua zenu nimezisoma zote. Kuna mmoja wenu kaniita shetani mwenye hereni. Sina ubishi naye. Ila ngojeni kwanza muisikie ya leo, maana ile ya wiki iliyopita ilikuwa rasharasha tu.

Kwa ambaye hakuwepo: naitwa Yaa Nsiah, mzaliwa wa kijiji kimoja jirani na Techiman. Lakini Accra nzima inanijua kwa jina la Vanessa, yule dada wa redio aliyekulia London. London yenyewe sijawahi kuiona hata kwa kupita angani. Kiingereza changu cha puani nilikiokota East Legon, mtaa wa wenye pesa, kwa watoto wa Kizungu niliokuwa nawaogesha na kuwalisha uji miaka minne.

Msikimbilie kunihukumu. Mara ya kwanza nilikwenda kuomba kazi redioni kwa mdomo niliozaliwa nao. Meneja alisikiliza sentensi mbili, akacheka, akawaita wenzake waje wasikie, kisha akaniuliza kama nimekuja kuomba kazi ya kudeki.

Nikarudi baada ya miezi miwili. Gauni lile lile, viatu vile vile, meneja yule yule. Safari hii nikaongelea puani.

"Karibu uketi, madam. Nikuletee maji ya baridi au ya kawaida?"

Wala hakunikumbuka! Kuanzia siku hiyo Yaa nikamfungia kabatini, Vanessa ndiye akawa anatoka.

Halafu nikampata Ekow Bentsil, mwanasheria, Mfante wa Cape Coast. Mnawajua Wafante na Kiingereza chao, wanakitia kwenye kila sentensi kama chumvi kwenye supu. Ekow aliipenda sauti yangu redioni kabla hajaniona sura. Nikajifanya Kitwi, lugha yetu ya nyumbani, sikijui, eti naelewa "karibu" na "asante" basi. Aliponiuliza wazazi wako wapi, nikasema wote wawili ni marehemu. Baba ni kweli. Mama ni mzima wa afya, analima viazi vikuu Techiman, lakini nikasema alifia London na akazikwa huko huko. Ningefanyaje? Mama akifungua mdomo tu, hata kipofu atajua ametoka shamba gani, na mimi nitakuwa nimekwisha.

Kuhusu mama, kitu kimoja tu nilimwambia Ekow cha kweli, nacho ni jina. Kyerewaa. Sijui kwa nini. Nadhani siku hiyo ulimi ulikuwa umechoka kudanganya.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Ukoo wa Ekow ulikuwa unakuja kwangu Jumamosi kugonga mlango, yaani kuja kuniposa rasmi, na mimi nilikuwa nimeshatafuta mjomba wa kukodi. Mzee Ofosu, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwetu, aliyewahi kukaa Hamburg, Ujerumani, miaka kumi na moja. Naye nilimwambia mimi ni yatima.

Ijumaa mchana nikasikia geti linagongwa.

Nafungua, moyo ukanilipuka paa! Mama. Kichwani ana gunia la viazi, mkononi kuku wawili wamefungwa miguu.

"Nakupigia hupokei," akasema. "Wiki ya tatu hii. Nikasema nije mwenyewe nione kama mwanangu u mzima."

"Mama, ungeniambia kwanza!"

"Ningekuambiaje na hupokei?"

Nilimvuta ndani kabla majirani hawajamsikia. Alikaa kwenye kochi langu, akalibonyeza bonyeza, akacheka peke yake. Halafu akaona vitambaa na maua niliyoyaandaa sebuleni.

"Kuna nini hapa?"

"Kesho nachumbiwa."

Jamani, mama yangu aliruka! Alinishika mashavu, akaimba, akataka kupiga vigelegele nikamziba mdomo kwa kiganja. Pale pale furaha yake ikakatika. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Unanificha nini, Yaa?"

"Mama, hao watu wanaokuja ni watu wakubwa. Wana dharau sana. Nilikuwa naomba... kesho ukae jikoni."

"Nikae jikoni kivipi?"

"Kama mpishi."

Mimi nilikuwa natazama kuku, maana usoni kwake nisingeweza.

"Ni huu mdomo wangu, sio?" akauliza.

"Mama, sio hivyo."

"Ni mdomo wangu, mwanangu. Usihangaike. Mwaka jana nilipokwenda hospitali mjini, nesi alikuwa ananiigiza ninavyoongea mpaka wagonjwa waliolazwa wakacheka. Nimeshazoea." Akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Kisu kiko wapi? Kuku hawa ni wagumu, lazima waanze kuchemka mapema."

Nilipaswa kulia. Badala yake nikashusha pumzi. Niliona nimepona! Kwamba kwa watu hao nimeshamzika London, hilo sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba kesho asinifahamu, na mimi sitamfahamu.

Jumamosi saa tatu asubuhi wakafika, watu kumi na mbili wamevaa, wanang'aa. Mbele yupo Mzee Kwamina, mkubwa wa ukoo, na fimbo yake. Nyuma yake Shangazi Araba, aliyemlea Ekow, mwalimu wa Kiingereza miaka thelathini na nne kabla ya kustaafu. Huyu mama akikusikiliza unaona kabisa kwamba anakusahihisha.

Ekow akakaa upande wao, mkabala na mimi. Alinikonyeza. Alikuwa amenyoa vizuri na mimi nilikuwa nampenda. Hilo nalo liandikeni, kwamba nilikuwa nampenda.

"Tumepita njiani," akaanza Shangazi Araba kwa madoido, "tukaona ua kwenye bustani yenu. Tukasema hebu tuulize lina mwenyewe."

"Ja, ja," akajibu Mzee Ofosu, Hamburg ikiwa bado haijamtoka. "Ua lipo. Ila lina miiba, na mbolea yake ghali!"

Watu wakacheka. Mambo yakawa matamu. Chupa zikapangwa mezani, zile za kijani za pombe kali ya Kiholanzi, na pete ndani ya kiboksi chekundu. Mimi natabasamu tu kama mgeni asiyejua kinachosemwa, na ukweli kila neno linaniingia.

Ndipo mama akaingia na maji.

Alitembea ameinamisha kichwa, akampa kila mtu glasi, hakusema kitu. Alipofika kwa Shangazi Araba, yule mama akainusa harufu iliyokuwa inatoka jikoni.

"Mpishi, hiyo ni supu ya karanga? Ina pilipili nyingi?"

Mama akatikisa kichwa.

"Nakuuliza kwa mdomo unanijibu kwa shingo? Huna ulimi?"

Mama akanitazama nukta moja. Halafu akajibu. Alisema tu pilipili ameweka kidogo na anayetaka zaidi ataongezewa, basi. Lakini aliisema kwa Kitwi chetu cha Kibono, cha kule Techiman, kile kizito kinachovutwa kama kamba ya kisimani.

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Ee Bwana wangu!" Shangazi Araba akajifuta machozi. "Huyu mmemtoa wapi? Anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni!" Kisha akamwigiza, neno kwa neno, na aliweza kweli. Wakacheka tena. Mzee Ofosu naye akacheka.

Mimi nimekaa. Sielewi Kitwi, nitakasirikaje? Ekow aliponiona nimeduwaa akainama mbele, akanitafsiria kwa Kiingereza ili nisijisikie mpweke.

"Wanamtania mpishi. Lafudhi yake ya shamba, unajua. Inachekesha sana kwa anayejua lugha."

Wote wakanigeukia kuona kama nimeelewa utani.

Nikacheka.

Mungu anisamehe, nilicheka, na mama alikuwa ananiangalia. Akaokota glasi moja iliyokwisha maji, akarudi jikoni. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilijikuta mdogo kama piritoni pale kwenye kiti cha bibi harusi, na wifi yangu mtarajiwa ananisifia meno.

Mnadhani ndiyo mwisho? Ndio kwanza tulikuwa tunaanza.

Mimi nilijua ratiba yote. Tutasali, watataja walichokuja nacho, kisha nitaulizwa mara tatu kama vinywaji vipokelewe, nami nitajibu mara tatu ndiyo. Neno moja. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa pua.

Mzee Kwamina akasimama, akaitwaa chupa moja, akaifungua.

"Kabla ya sala," akasema, "tuwaite wakubwa wetu."

Tambiko! Nikajua ni kawaida, watawaita wafu wao, matone yatamwagika, tutasonga mbele. Lakini Shangazi Araba akainua mkono.

"Mzee, nina ombi. Huyu mtoto ni yatima. Mama yake amelala kwenye udongo wa watu, huko kwenye baridi. Hakuna aliyewahi kumwita nyumbani. Tusipomwita leo atajuaje kwamba binti yake anaolewa?" Sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. Alikuwa na huruma ya kweli, na hicho ndicho kilichonimaliza. "Tumwite kwa jina aje anywe na sisi."

"Umesema vema," akasema Mzee Kwamina.

Kwa asiyejua, kwetu kinywaji cha tambiko ni cha waliokufa. Kumwita kwa jina mtu aliye hai, ukamwagia tone chini pamoja na wafu, ni kumfungulia kaburi kwa mkono wako. Hakuna Mbono, Mfante wala Mwasante anayefanya masihara na hilo, hata awe mzee wa kanisa. Mimi nasoma habari kwa Kiingereza cha puani, lakini ndani yangu nimelelewa na mama yule yule.

"Jina la marehemu?" Mzee Kwamina akauliza.

Mzee Ofosu akanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Nikajifanya sijaelewa swali ili nipate muda wa kuvuta pumzi, niseme Margaret, niseme Elizabeth, niseme chochote.

Ekow hakunipa muda huo. "Kyerewaa," akasema kwa upole. "Mama yake aliitwa Kyerewaa."

Nyuma yangu glasi ziligongana.

Nikageuka. Mama alikuwa ameshatoka jikoni na sinia, amesimama karibu na bega langu, anasubiri tambiko liishe agawe vinywaji. Alikuwa amesikia. Nikauona uso wake ukikitafuta kile alichokisikia, ukakipata. Hakulia wala hakufoka. Alinitazama tu kama mtu anayeniuliza njia.

"Wakubwa wa ukoo wa Bentsil, njooni mnywe," Mzee Kwamina akaanza, tone likaanguka sakafuni.

"Na iwe!" watu wakaitikia, vichwa vimeinama.

"Mlioondoka zamani na mlioondoka jana, njooni mnywe." Tone la pili.

"Na iwe!"

"Na wewe uliyelala ugenini, Kyerewaa, mama wa binti huyu, ondoka huko kwenye baridi..." Glasi ikaanza kuinama.

Wasomaji wangu, nawaapia sikuamua. Sikupanga. Kitu kilipanda kutoka tumboni kikanipasua koo.

"Usimwage! Mzee wangu, nakusihi, usimwage!"

Kwa Kitwi. Kwa Kibono kile kile, kizito, kinachovutwa. Sauti ya Yaa ambayo sikuwa nimeitoa mbele ya watu kwa miaka sita.

Mkono wa mzee ukaganda hewani. Nikafumba macho, nikasubiri kuanguka.

Nilipofumbua, watu wote walikuwa wamegeuza vichwa. Na hakuna aliyekuwa ananitazama mimi.

Walikuwa wanamtazama mama.

Mnaelewa? Walikuwa wameinamisha nyuso, wakasikia sauti ya shamba, na sebuleni mle mtu wa shamba ni mmoja. Vanessa wa London hajui hata kuomba chumvi kwa Kitwi. Nani angenifikiria?

"Mpishi!" Mzee Kwamina akanguruma. "Ni wewe uliyepiga kelele?"

Nilimwona mama akivuta pumzi. Lilikuwa swali la neno moja. Angesema siyo mimi, ni binti yangu huyu hapa, na yote yangeishia pale. Nadhani kuna sehemu ya moyo wangu iliyomwomba aseme hivyo.

"Ni mimi, Mzee," mama akasema. "Nisameheni. Niliona mdudu ameingia kwenye glasi."

"Mdudu? Unakatiza tambiko kwa sababu ya mdudu?"

"Ujinga wangu, Mzee."

"Nilijua!" Shangazi Araba akasimama. "Nilijua tangu alipofungua mdomo. Mtu anaongea vile, adabu ataitoa wapi? Mama, wewe huna watoto wa kukuambia?"

"Ninaye mmoja."

"Yuko wapi?"

Mama akaliweka sinia mezani, glasi moja moja akazisogeza zisianguke. "Yuko mbali, bibi," akasema.

Aliyekatiza tambiko kwetu anatozwa kondoo. Mzee Kwamina akasema mpishi hana uwezo wa kondoo, basi atoke tu kwenye nyumba, maana kinywaji hakiwezi kumwagwa tena yeye akiwa ndani. Mzee Ofosu, mjomba wangu wa kukodi, akajiona sasa ndiye mwenye nyumba. Akamshika mama mkono.

"Twende, twende, mama. Chukua vitu vyako."

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye kiti. Miguu ninayo, mdomo ninao, na sikuvitumia. Nikisema huyu ni mama yangu, nampoteza Ekow na kazi na jina, na Accra nzima itanicheka hadi nizeeke. Nisiposema, mama anatolewa kama mwizi wa kuku. Nikawa nahesabu hatua zake kuelekea mlangoni. Alirudi jikoni kwanza kuzima moto chini ya supu, isije ikaungua. Kisha akachukua gunia lake lililokwisha viazi, akalikunja vizuri, akaliweka kwapani.

Mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo kutoka nilipokaa nililiona geti, na mama akielekea getini.

"Haya," akasema Mzee Kwamina, akajaza glasi upya mpaka juu. "Tuanze tena. Marehemu anaitwa..."

"Mzee, samahani kidogo."

Alikuwa Ekow. Hakuwa anamtazama mzee. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wangu hasa, na nikatambua kwamba wenzake walipoinamisha vichwa, yeye aliyekaa mkabala na mimi huenda hakuinamisha chake. Tabasamu la asubuhi halikuwepo.

"Mara ya kwanza nilimtajia mimi," akasema polepole. "Nadhani ndiyo maana pameharibika. Jina la mama hutajwa na mwanawe. Mwacheni amwite mwenyewe."

"Kitwi hajui, maskini," Shangazi Araba akasema.

"Jina tu. Jina la mama yake hawezi kulikosea." Macho yake hayakutoka kwangu. "Au siyo, Vanessa?"

Sikujua kama ananiokoa au ananikamata.

"Amesema kweli kijana," akasema Mzee Kwamina. Akanisogelea na glasi mpaka harufu ya pombe ikaniingia puani. "Simama, binti. Mwite mama yako kwa sauti, asikie huko aliko."

Nikasimama. Watu wakainamisha vichwa. Kule getini Mzee Ofosu alikuwa anahangaika na komeo, na mama, gunia kwapani, alikuwa amesimama, hageuki, ametega sikio asikie mwanawe atasema nini.